Grafu ya Robo Karatasi

Mwalimu Hyasinta wa Mwisenge alikuwa bahili wa karatasi, na msimcheke. Alianza kufundisha hesabu miaka ile ya taabu, sabuni inapangiwa foleni na daftari linatafutwa kama dawa. Karatasi moja ya grafu aliikata vipande vinne, na wanafunzi wanne wakashukuru. Mhimili wa x ulianzia sifuri ukaishia sita, na wa y vivyo hivyo. Mstari ukitoka nje ya hapo, mwanafunzi alibandika kipande kingine kwa ugali.

Basi mwaka wa tisini na tano, maduka ya Musoma yakiwa yamejaa madaftari ya kila rangi, shule yake ikapewa kompyuta ya msaada. Bodi ikasema wazi: mwalimu akishindwa kuifundishia, ipelekwe shule ya Bunda. Hyasinta aliitaka mashine ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka maishani.

Siku ya ukaguzi akaja Bwana Danford wa bodi, na suti nzito kwenye joto lile la ziwani, akavuta kiti. Hyasinta akaandika mlinganyo wake: y = x² − 8x + 3. Kompyuta ikauliza kila mhimili uanzie wapi na uishie wapi. Hata hakufikiri. Sifuri, sita. Sifuri, sita.

Kioo kikabaki kitupu. Kushoto tu palikuwa na kamstari kafupi, kama unywele ulioanguka.

"Mwalimu, hii inakuwaga hivi?" Danford akauliza.

"Hapana, mzee. Subiri kidogo."

Akafuta, akaandika upya. Kamstari kalekale. Akazima, akawasha, jasho jembamba likimtoka. Ameiharibu? Au ni hesabu zenyewe zimemkimbia, yeye aliyezila na kuzilalia? Hakuelewa kitu, na kadiri alivyofikiri ndivyo alivyozidi kuchanganyikiwa.

"Labda Bunda wana mtu wa kuijulia," Danford alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko tusi.

Hyasinta akajikaza kisabuni, akasogeza uso karibu. Kamstari kalishuka, kakagonga ukingo wa chini, kakapotea. Ukingo ule aliujua. Ndipo wanafunzi wake walipokuwa wakipaka ugali. Kidole kikamwenda chenyewe chini ya kioo, kikapapasa pa kubandikia, na Danford akamkodolea macho.

"Hapa panataka kipande," alinong'ona. Lakini kipande gani, na hapa hakuna karatasi?

Akalirudia lile swali la mihimili. Mhimili wa y uanzie hasi kumi na tano, uishie ishirini na tano. Wa x uanzie hasi mbili, uishie kumi.

Mstari ukashuka toka juu, ukapita chini ya sifuri, ukageuka, ukapanda upande wa pili, mzima kama bakuli.

"Kumbe ilikuwemo!" Danford akapiga paja. "Sasa Mwalimu, ulikuwa unabania nini?"

"Karatasi, mzee."

"Karatasi ipi?"



Mashine ikabaki Mwisenge. Danford alipoondoka, Hyasinta aliketi kuandaa somo la kesho, akaandika mlinganyo mwingine. Mazoea yana taabu: alipotazama, vidole vyake vilikuwa vimeshaandika sifuri, sita. Akacheka peke yake. Kisha akawakumbuka watoto wale wote na vipande vyao, akalia.