Maabara ya Kuonyesha Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa shule alinifungulia maabara mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti, shule za binafsi zikichipuka Songea kila upande, na yetu ya Mshangano ilikuwa mpya kabisa. Kabati lilijaa vioo: chupa za kila umbo, na bureti, yale mabomba marefu yenye vipimo ubavuni na koki chini, ya kudondoshea asidi tone kwa tone.

"Hivi ni vya kuonyesha wazazi wanapoleta watoto," alisema. "Majaribio utachora ubaoni."

Mwalimu mgeni huambiwa achague majaribio kwa kufuata muhtasari wa somo. Mimi nilichagua kwa kuzunguka sokoni. Katika soko la Majengo nilinunua ndimu, magadi na choya, yale maua ya juisi nyekundu. Maji ya choya hubaki mekundu kwenye asidi; kwenye besi hugeuka kijani. Kila mwanafunzi alikuja na kikombe cha kwao. Anjela, msichana wa kidato cha tatu aliyetaka unesi, alileta hadi majivu.

"Madam, majivu nayo ni besi!"

Mkuu alikuwa mlangoni. "Mwalimu Haule, hapa ni maabara au jikoni?"

"Fungua kabati, Mkuu, nitaacha vikombe."

Hakufungua. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa bodi ya shule, naye akaniuliza vioo vikivunjika wazazi watatuonaje.

Kabati lilifunguliwa asubuhi ya mtihani wa taifa wa vitendo, Anjela akiwa kidato cha nne. Nilikuwa chumba cha pili nikiandaa kemikali niliposikia kioo kikipasuka. Nilipotoka, Mkuu alikuwa anamtoa Anjela nje kwa mkono, karatasi yake imelowa asidi.

"Madam, sikujua koki inazungushwa upande gani," alisema, analia.

Alifeli kemia. Chuo cha uuguzi kilimkataa.

Nilimfuata Mkuu ofisini.

"Umeona kwa nini nilikuwa nafunga?" alisema.

"Umevunja wewe. Umemnyima mtoto kioo miaka yote, halafu umemwadhibu kwa kutokukijua."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua sana."

Muhula haukuisha, nikafukuzwa. Katika shule za serikali nilizofundisha baadaye, jaribio la kwanza la kidato cha kwanza lilikuwa kumimina maji kwa bureti, kila mmoja kwa mkono wake. Zilivunjika. Wakuu walinuna. Nilifagia, tukaendelea.

Sasa nimestaafu, nakaa Bombambili. Husemwa hasira hupoa na umri. Yangu haijapoa. Juzi alikuja mwalimu mpya wa kemia, kijana mpole.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Alitaka nimsaidie kuchagua majaribio. Mwenyewe alishachagua ya video za kwenye simu. Maabara ya shule yao, alisema, ina vumbi.

"Na wanafunzi watafanya nini?"

"Wataangalia."

Sikumwongezea chai. Nilisimama, nikamfungulia mlango.

"Nenda kafute vumbi," nilimwambia. "Ukimaliza, njoo tuchague."