Pua ya Mume Wangu

Mume wangu watu walimwita Pua, na si kwa ukubwa wake. Gereji yake ilikuwa nyuma ya jikoni langu, ukuta mmoja, hata akidondosha spana kule, sufuria zangu huku zinatikisika. Likija gari lenye ugonjwa wa harufu, hakuwa na haraka ya kufungua boneti. Anakaa kiti cha mbele pembeni ya dereva, wanazunguka mtaa, anafumba macho, ananusa. Wakirudi anashuka, anautaja ugonjwa mbele za watu, ndipo boneti inafunguliwa. Watu waliacha kazi zao kuja kusikia. Mimi nasimama dirishani na mwiko mkononi, najifanya natazama kama mvua inakuja. Nilikuwa naringa, nitasema nini?

Kisha akaugua mafua mabaya. Mafua yakaondoka, na uwezo wa kunusa ukaondoka nayo. Hakusema. Lakini mimi si mtu wa kungoja kuambiwa. Siku niliyounguza maharage mpaka jirani akapiga hodi kuuliza kuna nini, yeye alikula akajilamba vidole, akasema, "Leo umepika." Mtu mwenye jina kama lile humwulizi mezani.

Akawa anapokea kazi za matairi na breki tu, za harufu anasema ana shughuli. Ndipo akaja dereva wa teksi, rafiki yake wa ujana, mdomo kama redio.

"Pua, nimekwisha! Nikikanyaga mafuta, hasa mlimani, nasikia harufu ya kuungua. Fundi wa ng'ambo ya barabara anasema klachi, anataka kushusha giaboksi nzima. Nikamwambia ngoja kwanza, Pua anuse."

Wale wanaokaaga kwenye benchi wakaanza kusogea. Nilimwona mume wangu anafuta mikono kwa kitambaa, na mikono yenyewe ilikuwa safi. Akikosea, gari la mtu linafumuliwa bure, na lile jina linageuka kuwa la kumchekea.

Nikavua aproni. "Shemeji, nipe lifti mpaka dukani. Chumvi imeisha."

"Panda, shemeji. Ukipata kizunguzungu usinilaumu mimi, mlaumu huyu mumeo."

Nikakaa nyuma. Tulipoanza kupanda kilima dereva akakanyaga mafuta, na harufu ikaingia, nzito. Mume wangu akafumba macho kama kawaida yake. Shingo yake ilikuwa inatiririka jasho. Dukani nikashuka, naye akashuka, eti anisaidie kubeba. Chumvi hiyo!

Katikati ya magunia ya mchele na ndoo za sabuni akaninong'oneza, "Mama watoto, mimi sisikii harufu yoyote."

"Najua. Tangu yale maharage."

"Maharage gani?"

"Achana nayo. Uliza unachotaka kuuliza."

Akatazama viatu vyake. "Inanukaje?"

Mimi ndiye niliyefua ovaroli zake miaka yote ya ndoa. Za siku ya klachi nazijua hata gizani. "Si klachi," nikamwambia. "Klachi inanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Hii ni ya mafuta yaliyomwagikia jiko la moto. Akikanyaga inakuja, akiachia inafifia."

Akafikiri. "Na injini haikuvuma bure. Ikivuma, gari linavuta. Klachi inayoteleza haivuti namna ile." Macho yake yakachangamka. "Ni oili hiyo. Inavujia bomba la moshi."

"Nyie wawili," mwenye duka akapaza sauti, "mnanunua au mnachumbiana?"

Tukarudi. Akashuka, akavuta pumzi, akautaja ugonjwa mbele ya benchi zima. Boneti ikafunguliwa. Kweli, gasketi ya kuziba kifuniko cha juu cha injini ilikuwa imekauka kama biskuti, na oili imechuruzika mpaka kwenye bomba la moshi.

"Mkasi!" akaita. Mkasi wangu wa kushonea, ambao watoto hawakuruhusiwa hata kuutazama. Akakilaza kile kifuniko chenye oili juu ya kipande kipya cha gasketi, kikaacha alama kama muhuri, naye akaifuata alama kwa mkasi, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Akafunga, akapangusa bomba, wakaenda kujaribu.

Wakarudi na harufu ileile.

"Pua! Mbona bado?" dereva akalalamika. Mtu mmoja wa benchi akacheka, "Pua imezeeka hiyo!"

Mume wangu akainua macho mpaka dirishani kwangu. Sikuweza kukaa kimya. "Nani kati yenu amewahi kusafisha jiko? Ukipangusa kwa kitambaa ndiyo mafuta yamekauka? Rudini kilimani, yaliyobaki yaungue yaishe!"

Wakaenda. Nikasubiri pale dirishani, na safari hii sikujifanya natazama mvua. Waliporudi dereva alikuwa ametoa kichwa nje. "Hakuna! Hakuna kitu!"

Tangu siku hiyo, kila likija gari la harufu, nyumbani kwangu chumvi inaisha. Watoto walikuwa wakifungua kabati wanashangaa pakiti zilivyopangana.

Mume wangu alikufa akiitwa Pua. Sasa sufuria zangu zimetulia, na utulivu wenyewe siupendi. Mkasi ninao, una weusi wa oili pale kwenye msumari. Wajukuu wanataka kuninunulia mpya. Nimewaambia wajaribu waone.

Siku ya mazishi yule dereva wa teksi, meno ya mbele hana tena, alikuja akakaa karibu yangu. Halafu akaniinamia sikioni, yeye na mdomo wake ule, akanong'ona.

"Shemeji, ile chumvi mlishaimaliza?"

Nikamwambia bado.