Mlinzi wa Mwamba Anayekwenda Kumdai Mtani Wake

Maji yanakupwa asubuhi hii na Salaseini Vueti anaogopa. Amesimama baharini, maji yamemfika kifuani. Mkono mmoja umeshika mti uliochomekwa kwenye mwamba, wa pili unafunga jani bichi la mnazi mahali pa lile lililokauka. Kila akimaliza fundo anageuka kutazama nyuma. Papa hayupo. Anafunga fundo jingine, anageuka tena.

"Ndiyo kazi yangu hii," anasema akirudi ufukweni, meno yakigongana. "Kufunga majani na kuogopa."

Jani hilo ndilo linalowaambia watu wa Nasavure, kijiji kidogo katika visiwa vya Fiji, kwamba hapa hapavuliwi. Salaseini ni mlinzi wa mwamba. Kila mtu anamwita Bibi Sala, ingawa ana miaka hamsini na miwili tu na jina hilo halipendi hata kidogo.

Halipwi. Alipewa tochi, filimbi na fulana iliyoandikwa MLINZI mgongoni. Majirani wanasema iliandikwa mgongoni makusudi, ili mwizi anayemkimbiza apate kitu cha kusoma njiani.

Kukimbizwa si mzaha mtupu. Mwaka juzi aliwapulizia filimbi watu waliokuja na boti ya kasi kuiba majongoo bahari. Alidhani watatoroka. Hawakutoroka. Mmoja wao alimrushia mkuki wa kuvulia, ukapita karibu na sikio lake mpaka akausikia ukivuma. Tangu hapo mngurumo wowote wa mashine ukisikika mbali, anaacha alichoshika na kusimama kimya mpaka upite.

"Wao wana mashine mbili, mimi nina kasia," anasema. "Hata ningekuwa shujaa, ushujaa wenyewe ningeufikisha wapi kwa kasia?"

Anachokula kinatokana na nama, mwani wenye punje kama zabibu ndogo, anaouchuma upande usiofungwa. Jumamosi anaupeleka sokoni mjini. Siku nzuri hupata dola arobaini, na nusu yake inabaki kwa wenye boti na wenye mabasi. Ni mjane. Wanawe wawili wako mjini, na kila wakipiga simu swali lao ni moja: mama, bado hujaacha?

Hajaacha kwa sababu mwamba huo, kwa namna fulani, aliuomba yeye. Mkuu wa ukoo alipofariki, mwamba ulifungwa kama desturi inavyotaka, bahari nayo ikae msibani. Matanga yalipokwisha na wanaume wakaanza kushona nyavu, Bibi Sala na wanawake wenzake walikwenda kukaa mbele ya wazee na kuomba msiba wa bahari usiondolewe bado.

"Walituuliza mpaka lini," anakumbuka. "Nikasema, mpaka tasi warudi. Nilidhani ni miezi michache. Sasa ni mwaka wa tisa."

Samaki hao wamerudi. Pono wamerudi, tena wakubwa kama mito ya kulalia. Habari zikasambaa, na mwaka huu Nasavure ikaingia miongoni mwa vijiji vitatu vya mwisho katika Tuzo ya Bahari Hai, inayotolewa kwa vijiji vya visiwa vya Pasifiki vinavyotunza mazingira yao. Mshindi hupewa cheti, ambacho Bibi Sala hakukitaka, na boti ya faiba yenye mashine, ambayo aliitaka mpaka akawa anaiota.

Maana wazee walikuwa wameshachoka. Mwenyekiti wa kijiji, Apenisa Raikoti, alimwambia wazi: tukipata boti, mwamba utabaki umefungwa na wezi tutawafukuza. Tusipopata, tunaufungua. "Hatuwezi kuwafugia wezi samaki huku watoto wetu wanakula wa kopo," alisema.

Basi majaji wakaja. Hapo ndipo kijiji kilipofanya kosa ambalo ni watu wa huku tu wangelifanya, tena kwa vigelegele.

Kosa lilikuwa kukodi boti ya kuwaleta majaji kutoka bandarini. Aliyekodiwa alikuwa Viliame Dakuna wa kijiji cha Waitoga, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Hakuna aliyefikiri zaidi. Alipoonekana akikata mawimbi, ufukwe mzima ulilipuka kwa shangwe, kwa sababu watu wa Waitoga na wa Nasavure ni watani. Mzimu wao wa asili ni mmoja. Wenyewe wanauita utani huo tauvu.

Mtani akija, kijiji ni chake. Atachinja nguruwe wako, atang'oa muhogo wako, atakuita mtumwa wake, nawe utacheka. Kumkatalia ni jambo ambalo hakuna hapa anayekumbuka kuliona likitendeka, na kila mtu ana hakika ya kitakachofuata: matumbo kuvimba, watoto kudhoofika bila ugonjwa wenye jina.

"Mimi nilipomwona Vili nilipiga vigelegele kuliko wote," anasema Bibi Sala. "Vigelegele vyangu mwenyewe!"

Bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi cha kukaribishia wageni, lilizunguka, hotuba zikasemwa, mikeka ikatandikwa. Majaji wakaandaliwa magimbi, mchicha wa tui la nazi, na samaki wa kopo. Viliame alitazama sahani yake, akawatazama wenyeji.

"Enyi watumwa," aliuliza, "hiki nini? Mnatunza samaki baharini mnatuletea wa dukani?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hata majaji walicheka. Viliame akasimama, akaliangua jarife, wavu mrefu wa kuvulia, lililoning'inia ukutani kwa mwenyekiti, akalibeba begani. "Kaeni, wageni wangu. Naenda kuchota kwenye kabati langu."

Bibi Sala alijua anakokwenda. Alimfuata ufukweni, nusu akikimbia.

"Mtani, wale samaki wamefungwa."

"Na nani? Mtumwa anamfungia bwana wake kabati?"

"Chukua nguruwe wangu. Yule mkubwa."

"Huyo nitamchukua nikirudi. Na usimfiche, namjua sauti."

"Vili, leo tu. Nakuomba. Wanatuangalia."

"Waangalie! Wajue mwenye mji ni nani!"

Nyuma yao kijiji kilikuwa kinapiga makofi na kuimba, "Mpe! Mpe!" Mwenyekiti naye alikuwa anapiga makofi. Kwa maelezo ya Bibi Sala, mikono ya mwenyekiti ilikuwa inacheka, macho yake yanakaribia kulia.

Viliame aliingia kwenye maji. Bibi Sala akaingia nyuma yake, akimsihi, huku akitabasamu, maana mtani hasihiwi kwa uso mkavu. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakugeuka kutazama kama kuna papa. Mti wenye jani la mnazi Viliame aliupita bila kuugusa, jarife likatandazwa, likavutwa. Pono walikuja wengi, rangi zao zikiwaka juani.

Bibi Sala alipogeuka, Bi Losaline, jaji mkuu kutoka Tonga, alikuwa amesimama ukingoni, sketi imelowa mpaka magotini.

"Yule anavua ndani ya eneo lililofungwa?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Ana ruhusa?"

Bibi Sala anapofika hapa kwenye masimulizi yake hugusa ncha ya ulimi. "Neno mwizi lilikuwa hapa. Ningelisema, boti ingekuwa yetu. Lakini Vili angesikia. Kumwita mtani mwizi mbele ya wageni! Niliogopa kukosa tuzo, nikaogopa mizimu, nikamwogopa na yule mama. Sikujua nimwogope nani kwanza."

Akajibu, "Ana ruhusa. Asiye nayo ni mimi."

"Na kesho wakija ishirini kama yeye, mlinzi atafanya nini?"

"Ataogopa mara ishirini, mama."

Bi Losaline alitabasamu, lakini hakuuliza swali jingine. Pono walichomwa. Majaji hawakuwagusa. Viliame aliwala, akasifu mapishi, akapakia mabaki, na jioni akaondoka na nguruwe pia.

Wiki sita zikapita. Mshindi alitangazwa redioni: kijiji kimoja cha Visiwa vya Solomon. Nasavure ilisifiwa kwa wingi wa samaki, kisha ikaelezwa kwamba ulinzi wake unategemea mno hisani ya wageni. Nyumbani kwa mwenyekiti, ambako watu walikuwa wamejazana kusikiliza, hakuna aliyecheka.

"Krismasi tunafungua," Apenisa alisema. "Tule wenyewe kabla wezi hawajaja kutumalizia."

Hakuna aliyebisha. Ila Bibi Sala alinyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Nisubirini nirudi kutoka Waitoga."

"Unakwenda kufanya nini huko?"

"Kuchukua."

Mwenyekiti alimtazama. Halafu, kwa mujibu wa waliokuwapo, akaficha uso wake kwenye kikoi, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

Maana utani una njia mbili. Kama kijiji cha Nasavure ni cha Viliame, basi kila cha Viliame ni cha Nasavure, na Viliame ana boti ya faiba yenye mashine mbili. Hiyo ndiyo Bibi Sala anayokwenda kuidai, yeye na wanawake wenzake sita, Ijumaa ijayo.

"Simnyang'anyi chakula chake," anasema. "Mchana abebe abiria wake. Mimi nataka zile siku za giza, mwezi usipokuwapo, ndipo wezi huja. Na sichukui boti tupu. Namchukua na yeye ashike usukani. Mimi mashine nitaijulia wapi?"

Anasema hivyo kwa mdomo mkubwa, kisha sauti inashuka. Hakuna anayekumbuka mtani akidai kitu kikubwa namna hii. Nguruwe, ndiyo. Mikeka, shamba la magimbi, hata kuku wa kanisa. Si boti. Na watu wa Waitoga siku hizi wanaishi mjini, wana mikopo, huenda utani wameuacha uwe wa sherehe tu.

"Akinikatalia nimepoteza vitu viwili," anasema. "Mwamba nitakuwa nimeshaupoteza. Na yeye sitakuwa naye tena. Nitakuwa mwanamke aliyeua utani wa mababu kwa kuomba boti."

Alipopigiwa simu na mwandishi wa habari hizi, Viliame alianza kwa kucheka. "Yule mtumwa ana wazimu! Anataka boti? Anataka na meno yangu?" Halafu kicheko kikakatika, ukabaki mngurumo wa mashine nyuma yake.

"Ile boti ina deni," alisema. "Nina watoto wanne. Usiku niende kupambana na watu wenye mikuki? Mimi? Mwambieni asije. Mwambieni kabisa. Maana akija, akakaa mlangoni kwangu na wale wanawake wake, mimi nitasema nini?"

Bibi Sala anapofikishiwa ujumbe huo yuko kwenye mkeka, anatenganisha nama na mchanga. Vidole vyake vinasimama.

"Amesema nisije?"

Ndiyo.

"Alicheka kwanza, au aliogopa kwanza?"

Alicheka, kisha akaogopa.

Anarudi kwenye mwani wake. Punje zinamponyoka, anaziokota moja moja. Wanawake wenzake wameshaulizia boti ya abiria ya Ijumaa, na mmoja wao tayari anafanya mazoezi ya matusi ya utani.

"Basi nitakwenda," anasema. "Nimechoka kuogopa peke yangu. Na yeye aogope kidogo."