Radhi ya Safari

Kwetu mtaa wa Shika Adabu, Likoni, mtu mzima hasafiri bure. Mamangu aliwahi kufika Malindi kwa harusi, Lamu kwa maziko, na Vanga kwa maziko tena. Mpaka wa Lungalunga, wa kuingilia Tanzania, hakuwahi kuuvuka. Kwa hiyo nilipomwambia twende Unguja siku chache, mimi na yeye, aliniuliza nani kafa.

"Hakuna aliyekufa, mama. Twenda kutembea."

"Kutembea kwa nani?"

"Si kwa mtu. Twakaa hoteli."

Akaendelea kuchagua mchele. Jioni nilimsikia akimwambia jirani kwamba bintiye ataka kumpeleka ng'ambo na hasemi kuna nini.

Nilikuwa na sababu yangu. Babangu aliugua kitandani miaka mingi kabla ya kufa, na aliyemgeuza, aliyemwosha na kumlisha ni mama peke yake. Alipotoka eda nilimpeleka hospitali, daktari akasema moyo wake nao umetanuka na apumzike. Apumzike wapi? Katika nyumba ile hakai kitako mara moja bila kukumbuka kitu cha kufua. Nilitaka, kabla moyo ule haujamchoka, akae japo mara moja mahali ambapo mtu mwingine anamletea chai. Sikutaka zaidi ya hapo.

Mimi nafanya kazi ofisi ya mizigo Changamwe. Kupanga safari za makontena ndiyo riziki yangu, nikadhani kumpanga mama ni kazi ndogo. Nikaomba likizo. Pasipoti hana, basi nikamshughulikia hati ya muda ya kusafiria. Nikampeleka kudungwa sindano ya homa ya manjano, akalalamikia mkono hadi wa pili nao ukaanza kumuuma. Nikatafuta basi la asubuhi litakalotupakia hapahapa Likoni, mahali pa kulala Dar es Salaam kabla ya kupanda boti, na chumba cha chini kisicho na ngazi. Hata maji ya kuogea niliuliza kama ni moto.

Mama naye alikuwa na mipango yake. Safari ya ng'ambo aliyoijua yeye ni ya hija tu, na anayekwenda hija huaga watu na kuomba radhi, kwa sababu huenda asirudi. Kila alasiri alivaa buibui lake akatoka mlango kwa mlango. Alimwomba radhi muuza samaki. Alimwomba radhi mwanamke waliyegombana naye mferejini mimi bado mdogo nasoma Kurani chuoni. Wote walimpa, wengine wakilia, na haukupita muda mtaa ukakata shauri kwamba mama ana maradhi mabaya na nampeleka India. Mmoja alileta kuku, akaninong'oneza nimwambie ukweli, yako wapi hayo maradhi. Nikamjibu yako vichwani mwenu. Nilikuwa nimechoka, na mimi nikichoka sina adabu.

Akabaki mmoja, dadake mkubwa, anayekaa Frere Town, ng'ambo ya feri. Hao wawili wamezaliwa peke yao, na hawapigiani simu hata ya kusalimiana. Bibi yangu, mama yao, alipofariki, mamangu mkubwa aliondoka kwake mara tu alipopata habari, lakini siku hiyo feri ya Likoni iliharibika, akakwama upande wa kisiwani na umati wote ule. Huku kwetu maiti ameshaoshwa, ameshakafiniwa, wanaume wamesimama uani. Wakamuuliza mama wangoje au wachukue. Jua lilikuwa linakwenda. Mama akasema chukueni. Mamangu mkubwa alipofika aliwakuta wanarudi kutoka makaburini wakikung'uta mchanga, na uso wa mamake hakuuona. Tangu hapo kila Idi mama huvuka kwenda kumwomba msamaha, hukaribishwa vizuri, hulishwa, na hunyimwa.

Tulivuka siku mbili kabla ya safari. Tulimkuta kitandani, miguu imemvimba, amekwisha kuagiza mahamri kwa ajili yetu. Mama alimwamkia shikamoo, akaketi chini miguuni pake kama mtoto. Nilikasirika kumwona vile. Wakaulizana hali ya kila mtu waliyemjua, kisha mama akasema alilolijia.

"Dada, nina safari. Naomba radhi yako."

"Safari ya wapi?"

"Unguja."

"Kuna nini Unguja?"

"Hakuna kitu. Mwana ataka nipumzike."

Mamangu mkubwa alinitazama, akamtazama mama, akayasogeza mahamri upande wetu. "Kuleni. Radhi sikupi."

Nikashindwa kujizuia. "Mama mkubwa, wallahi haya ni maonevu. Mtu ana moyo mbovu. Angoje mpaka lini?"

"Nyamaza weye," mama akaniambia.

"Mwate aseme, usimzuie," akasema mamangu mkubwa. "Moyo mbovu naujua, habari zimefika hata huku. Wanambia wapita ukiaga mji mzima." Akamgeukia mama, na sauti yake ikakatika. "Kila mwaka waja kwa hili. Ukiwa na shida nyingine huji. Ukiwa na furaha huji. Siku ya yeo nikikupa, utanijia tena kwa lipi? Utakwenda zako ukafie huko, nami nisikuone weye pia?"

 Mama alimshika ile miguu iliyovimba akaanza kuikanda, taratibu, mpaka adhana ya magharibi.

Njiani kurudi aliniambia haendi. Nilimpigia kelele mbele za watu. Nilimwambia ni Unguja, si Makka. Kwamba dadake ni mchoyo, kwamba mtu hawezi kufungwa kamba na mtu aliyekaa kitandani Frere Town. Nilimwambia nimehangaika kwa ajili yake miezi na miezi. Yeye alisema tu kwamba hawezi kumwacha dadake na hofu ile, na kwamba mimi sina dada, sitajua.

"Nenda weye," akaniambia usiku ule. "Umechoka kuliko mimi. Usipoteze nafasi."

Siku ya safari niliamka bado na hasira, na kwa hasira hiyohiyo nikaamua kwenda. Nilijiambia nitakaa pwani ya watu na nitaletewa chai mimi. Mama alikuwa ameshaamka, amenifungia vitumbua vya njiani. Alinisindikiza hadi mlangoni, na pale, kwa mwanga wa asubuhi, nikamwona alivyoegemea fremu ya mlango kwa bega zima ili asimame. Vifundo vya miguu vilikuwa vimejaa. Sijui ni lini vilianza. Nilikuwa namtazama kila siku.

"Nenda na amani," akasema. "Nami nimekuwia radhi. Kwa ulilonitendea ukijua na usilolijua. Nimekusamehe yote."

Sikuwa nimeiomba. Mimi niliyeucheka mtaa mzima kwa radhi zao, sasa nimepewa yangu. Nilimwelewa mamangu mkubwa pale pale, nami nikaogopa sana.

"Mama, usinipe," nikamwambia. "Iweke. Nikirudi nitakuja kuiomba mwenyewe."

Alitabasamu kidogo, jinsi anavyotabasamu mtu ambaye pumzi hazimtoshi.

"Nimeshaitoa, mwanangu," akasema.

Huko barabarani kondakta alikuwa anaita abiria wa Dar. Nikaurudisha mkoba ndani, nikafunga mlango.