Michembe ya Mama Mkwe

Nilikuwa kwa fundi wa viyoyozi pale Kahama, nimempelekea feni yangu, akaingia mwanamume shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Fundi, kiyoyozi cha chumbani hakitoi baridi. Njoo nyumbani."

"Chujio uliliosha lini?"

"Jumapili. Shida naijua. Mama mkwe ametoka Ushetu, kagundua lile boksi la nje linapuliza joto. Kalizungushia viroba vya michembe, vile vipande vya viazi vitamu, ikauke."

Fundi akaweka bisibisi chini. "Boksi hilo ndilo linalotupa joto nje. Ukiliziba utaua mashine. Mwambie aondoe."

Mwanamume akajishika kichwa. "Mkwe nimwambie mimi? Hata kumtazama usoni siwezi. Njoo wewe, ujifanye umegundua mwenyewe."

"Mkeo je?"

"Ndiye anayeigeuza hiyo michembe."

Nikashindwa kunyamaza. "Na inakauka?"

"Shikamoo bibi. Inakauka vizuri mno."

"Marahaba. Basi usimtume fundi akamwaibishe mama wa watu. Kamjengee kichanja kizuri penye jua, atahamisha mwenyewe. Mkwe haambiwi, mkwe hupewa."

Fundi alicheka mpaka akafuta macho. Yule bwana hakucheka. Aliuliza miti inauzwa wapi, akaondoka haraka.

Nanyi wakwe zetu msitulaumu sisi mama wakwe. Sisi tumezoea nyumba ambayo kila kitu kina kazi. Tukikuta kwenu kitu kimekaa nje kinapuliza joto bure, tunakipa kazi.