Makofi ya Mtego

Siku idara nzima ya dawa iliponipigia makofi, ghorofa ya juu kulikuwa na mtu anatema damu kwa kosa lile lile nililoshangiliwa.

Msikimbilie kunihukumu. Someni kwanza.

Mmenijazia meseji mkiuliza mafunzo ya ufamasia hospitalini yakoje. Usome vitabu gani, uvae nini, kama ni kweli watu huwa wanalia chooni.

Wanalia. Mimi choo cha karibu na stoo ya dripu nakijua mpaka nyufa za dari.

Utasimama mwaka mzima. Asubuhi unazunguka wodini na madaktari, na swali gumu likishawashinda wote linarushwa kwako, wanakuangalia mdomoni. Ukishuka chini unakuta simu inalia, sista anataka dawa yake tangu jana. Miguu itavimba. Chakula utakula kimepoa. Na shemeji zako bado watakuita muuza vidonge.

Hayo yanazoeleka. Kisichozoeleka ni mtego.

Mkufunzi wetu tulimwita Mizani. Mbele yake ni "Mama", ila akigeuza mgongo tu, Mizani. Mwanamke mfupi, miwani inaning'inia kwenye kamba, hajawahi kukosea tangu dunia iumbwe, au ndivyo tulivyoamini. Kila dawa tuliyoandaa sisi ilikaguliwa na watu wawili. Ya kwake haikukaguliwa na mtu.

Nani amkague Mizani?

Basi alikuwa na mchezo wake. Anachukua pakiti, anaweka kosa makusudi, anaichanganya na kazi zako. Dozi ya mtu mzima kwa mtoto mchanga. Dawa mbili zisizokaa tumbo moja. Ukiliona kosa, unapaza sauti, "Mtego!" Chumba kizima kinakupigia makofi.

Usipoliona, unaitwa mbele ya friji ya dawa, unageuka kuwatazama wenzako, unasema: "Leo nimemuua Bwana Kiatu."

Ndiyo. Wagonjwa wa mitego walikuwa na majina ya kipuuzi, ili pakiti zao zisije zikatoka nje ya chumba. Bwana Kiatu. Bibi Mwiko. Mtoto Kijiko. Tulicheka sana, isipokuwa aliyesimama mbele ya friji.

Mwenzangu mmoja tuliyemwita Mrefu alishaua ukoo mzima wa Kiatu.

Sasa, wodi ya wanawake kulikuwa na bibi mmoja fundi cherehani, kitanda cha dirishani. Alilazwa kwa homa ya mapafu, lakini baridi yabisi alikuwa nayo miaka na miaka, vidole vimepinda kama tangawizi. Wodi ile nilipewa mimi. Kila nikipita ananishika koti.

"Mjukuu wangu, nani alikushonea hili gunia?"

"Bibi, ni la hospitali."

"Basi hospitali yenu inaumwa kuliko mimi. Nikitoka hapa nakushonea la maana."

Dawa yake ya baridi yabisi ina tabia yake. Inamezwa mara moja kwa wiki. Siyo kwa siku, kwa wiki. Ukiimeza kila siku inakuua polepole, ikianzia mdomoni. Ni kati ya mambo ya kwanza tunayofundishwa.

Asubuhi hiyo naandaa dawa za wodi yangu, nikakuta pakiti ya bibi imeshafungwa. Lebo inasema kidonge kimoja kila siku. Mwandiko wa Mizani.

Nikampelekea.

"Mama, hii si ya wiki?"

Aliitazama. Nilimwona akimeza mate. Halafu akanyanyua mkono wangu juu kama bondia aliyeshinda.

"Mtego! Mpigieni makofi huyu!"

Jamani, yalipigwa. Mrefu alipiga mpaka meza. Tangu nianze mafunzo sikuwa nimesikia neno zuri kutoka kwa yule mama, basi kichwa kikanivimba, nikainama kama mwimbaji jukwaani.

Mizani akaitia pakiti mfukoni, akatoka.

Mchana Mrefu akaja kukaa na mimi na bakuli lake.

"Una bahati wewe. Halafu Mama kawa mkali siku hizi, anatega mpaka kwa majina ya watu wa kweli."

Kijiko kilinibaki hewani.

Hakuwahi kutega kwa jina la kweli. Hata mara moja. Na pakiti ile ilikuwa ya pili tangu bibi alazwe. Ya kwanza ilipanda wodini nikiwa nimepangwa stoo, na kama ya pili inaandaliwa, maana yake ya kwanza imeisha.

Ngazi nilizipanda nikiziruka mbili mbili.

Bibi alikuwa amelala ubavu, beseni chini ya kidevu. Midomo imechubuka, fizi zinatoka damu. Aliponiona alijaribu kutabasamu, akashindwa.

"Mjukuu," akanong'ona, "uji unaniunguza hata ukiwa wa baridi."

"Daktari anasema ni fangasi," sista akaniambia.

"Sista, kile kidonge cha baridi yabisi unampa lini?"

"Kila asubuhi. Nampa mwenyewe. Si ndivyo pakiti yenu inavyosema?"

Mara pazia la kitanda likavutwa, akaingia Mizani. Mkononi ana kichupa. Nilikijua kichupa kile: ni dawa ya kuizima ile sumu, nayo iko kwenye jamii ya vitamini.

"Sista, mchome hii," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Vitamini tu. Ilisahaulika."

Kichupa kimoja! Bibi yule alihitaji dozi kubwa, tena na tena, na damu yake ipimwe saa ile ile. Lakini dozi kubwa haitoki bila daktari kuuliza kwa nini. Mizani alikuwa amepima kiasi kisichozua maswali, na tangu makofi ya asubuhi saa nyingi zilikuwa zimepita akikitafutia njia.

Akanivuta pembeni, dirishani.

"Cheti chako kinasubiri sahihi yangu," akasema taratibu. "Tulia, binti yangu. Naliweka sawa."

Nisiwadanganye, niliogopa. Baba yangu alishawatangazia majirani wote kwamba binti yake anamaliza mwaka huu. Nikageuka nikamwona bibi ameshika pindo la shuka, anapapasa mshono kwa vidole vyake vile vilivyopinda. Mazoea ya kazi.

Daktari alikuwa kitanda cha mlangoni. Nikamwita kwa sauti ambayo hata mimi sikujua ninayo.

"Daktari! Siyo fangasi. Ni sisi. Amemeza dawa ya wiki kila siku."

Daktari akaacha faili, akaja mbio.

Alitibiwa kwa kila kilichokuwepo. Haikutosha. Damu yake ilikuwa imeishiwa nguvu za kupigana na ile homa ya mapafu, na homa ikarudi kwa kasi. Alikufa Ijumaa, nimemshikia beseni.

Kwenye kikao cha uchunguzi Mizani alishikilia kwamba ulikuwa mtego. Pakiti zote mbili zilikuwa za mafunzo, alisema, sista ndiye aliyechukua ya kwanza kimakosa. Sista analia, hana wa kumtetea zaidi yangu.

Na Mizani alikuwa na mashahidi. Wenzangu.

Wakasimama mmoja mmoja. Ndiyo, Mama alisema ni mtego. Ndiyo, tulipiga makofi. Ndiyo, huyu dada aliinama. Mrefu aliyasema akiangalia viatu vyake. Hakuna aliyesema uongo, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Pembeni alikaa binti wa marehemu, amepakata mfuko wa nguo za mama yake. Akanyoosha mkono.

"Samahani Mama, naomba kuelewa. Kama huo ulikuwa mtego wa kuwafundishia hawa, mama yangu alikuwa chambo?"

Mizani alivua miwani. Akaiweka mezani.

Kisha akainuka. Chumba kile hakikuwa na friji, akaenda kusimama mbele ya kabati, akageuka kututazama.

"Leo," akasema, akakwama. Akaanza upya. "Nimemuua..."

Akamtaja bibi kwa jina lake, la baba yake, na la babu yake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mara nyingine kifo chenyewe kinakuwa cha mtu mwingine.

Cheti nilipata, kwa sahihi ya mkufunzi mwingine. Siku hizi na mimi nafundisha, na mitego sitegi. Koti la hospitali bado linanipwaya mabegani, na sijampa fundi yeyote alirekebishe.

Kwa hiyo nyie mnaouliza mtegemee nini: mtafundishwa kukamata makosa, na siku mtakayokamata moja mtajisikia wakubwa. Sawa, furahini. Lakini kabla mtu hajapiga makofi, pandeni wodini mkaulize kama kuna aliyekwisha kulimeza.