Dada Yangu, Mateka Wetu

Neno mateka nililijulia kanisani, miaka ya sitini, wakati wa maasi. Waasi walikuwa wamemchukua dada yangu huko Itebero, alikokwenda kumsalimu shangazi, wakamtwisha mizigo yao na kuingia naye msituni. Katekista alitufafanulia: mfungwa amefanya kosa, au wamesema amefanya, mateka hana kosa lolote, amechukuliwa tu. Nililipenda neno hilo, Mungu anisamehe. Kila Jumapili tuliwaombea mateka, watu wakanitazama kwa huruma, nami nikajiona mtu.

Dada alirudi kwa miguu hadi kwetu Masisi, amekonda, ana alama ya kamba ya mizigo kwenye paji la uso. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Tangu siku hiyo akamkataza jembe, maji, hata kumenya muhogo. Alimkalisha nje ya mlango, kwenye kiti chetu kimoja chenye mgongo. Majirani wafugaji wakileta maziwa, mama aliwaonyesha kuwa ndiye huyo: "Njo huyu mateka yetu. Iko anapumuzika." Na dada akiinuka tu, mimi nilikonyezwa: "Umufwate. Asiende peke yake." Nilimfuata hata chooni, nikijiona mlinzi hodari. Upumbavu mtupu!

Ikaja palizi ya maharagwe. Kwetu wanawake walilimiana kwa zamu, na asiyekwenda kwa wenzake hakuwa na wa kuja kwake. Dada alikuwa na shamba lake dogo ng'ambo ya kijito, na magugu yalishalifunika. Asubuhi wanawake walipopita, alichukua jembe akatoka.

"Hapana, mateka," wakamwambia kwa upole. "Wewe ikala, upumuzike."

Mama naye alikuja mbio akaushika mpini. Dada hakumnyang'anya. Alisema polepole, wote wakisikia:

"Mama, kule mu pori nilikuwa naomba ruhusa hata ya kuenda kuchota mai. Na hapa nitaomba mpaka lini?"

Nilimwonea mama uchungu, kwa sababu kila alilotenda alilitenda kwa mapenzi. Aliutazama ule mpini, akauachia.

Dada akashika njia na wenzake. Kwa mazoea niliinuka nimfuate, lakini mama alinishika mkono.

"Umuache," akasema. "Leo njo amerudi."